Jagi Lenye Mstari Mwekundu

Jagi lilitoka bafuni likitanguliwa na mtangazaji wake. Kitinda mimba wa nyumba ile, msichana wa darasa la nne mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, alirudi kinyumenyume kwenye korido akiwa ameshika mwiko mbele ya mdomo. Nyuma yake alikuja mama yake, amelibeba jagi kwa mikono miwili, uso umemkauka kama msimamizi wa mtihani wa taifa.

"Mabibi na mabwana, jagi linaingia!" alisema Mtangazaji, maana hilo ndilo jina alilojulikana nalo tangu kazi hii ianze. "Tunaomba utulivu. Shangazi, acha kutafuna."

Shangazi aliacha kutafuna.

Jagi lilitua juu ya stuli. Si juu ya meza ya chakula. Kuhusu hilo nyumba ilikuwa na sheria. Lilikuwa jagi kubwa la plastiki, lililotumika kuchanganyia sharubati miaka mingi kabla ya kupandishwa cheo. Tangu baba mwenye nyumba arudi kutoka hospitali na figo ya dada yake tumboni, mkojo wake wote uliingia humo, kwa sababu muuguzi alisema mkojo ndio utakaowaambia kama figo inafanya kazi. Aliwaonyesha kiwango. Ukishuka chini ya hapa, alisema, msisubiri siku ya kliniki, njooni mbio.

Mama mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na mwalimu hawezi kuona kiwango akakiacha kilale hivihivi. Alichukua rangi ya kucha akachora mstari mwekundu mahali palepale. Muuguzi alikuwa amekiita kiwango. Yeye akauita mstari wa kufaulu. Ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa jioni alipouchora kila mtu aliona ni jambo zuri na la kuchekesha.

"Unakaribia mstari," alisema Mtangazaji, ameinama, jicho moja limefungwa. "Unaugusa... Umepita! Umepita, mabibi na mabwana! Baba anafanya maajabu!"

Walipiga makofi. Shangazi alipiga na miguu. Mwalimu alitoa chaki mfukoni, akaenda kwenye mlango wa bafu, akachora nyota kando ya nyota nyingine. Mlango ulikuwa umejaa kama usiku wa kiangazi.

"Vizuri sana, baba watoto. Endelea hivyohivyo."

"Ahsante, mwalimu," alisema mume wake, fundi wa makochi, akiwa ameketi kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe, mikono juu ya magoti.

Kisha Shangazi aliuliza alichokuwa akiuliza kila Jumamosi: "Haya, kaka. Mpangaji hajambo?"

"Mpangaji hajambo. Kodi halipi, lakini hana makelele."

"Mwambie mwenye nyumba wake wa zamani anamsalimu. Na asijaribu kurudi, chumba nimeshakijaza mapochopocho."

Wakacheka wote. Mmoja tu mle ndani ndiye aliyejua kwamba robo ya kilichokuwa kwenye jagi ilikuwa chai ya rangi, iliyopoa, ikazimuliwa kwa maji ya bomba mpaka ikafanana. Huyo mmoja alicheka kuliko wote.

*

Hakuanza kwa ubaya. Ni wachache wanaoanza kwa ubaya.

Shangazi alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa. Alipotoka hospitali na kovu lake, aligundua kwamba kuinua furushi la mashuka yaliyolowa kunamkata mbavu kama kisu. Msimamizi akamhamishia kwenye meza ya kuhesabu foronya, kazi waliyokuwa wakipewa wazee waliobakiza miezi michache, na mshahara wake ukashuka kulingana na meza. Wenzake wakambatiza jina Spea.

"Spea, njoo huku," Shangazi alimwigiza mmoja wao siku moja, akiwa jikoni na Mwalimu. "Kuna mgeni chumba cha juu anataka ini!"

Mwalimu alicheka, halafu akaacha. "Wifi, hao si watu."

"Ni watu tu. Wanachoka." Shangazi alikuwa akimenya vitunguu, kwa hiyo machozi yake hayakuulizwa. "Lakini sijuti. Nakuambia kweli. Nikiona lile jagi limepita mstari, mbavu zinaacha kuuma zenyewe. Kama mtu amezizima."

Fundi alikuwa koridoni, ndala mkononi, akielekea bafuni. Alisimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata.

Wiki hiyohiyo mkojo ulishuka. Jioni aliingia bafuni na kikombe chake cha chai, ambacho alikuwa akikitumia kumezea dawa, akaliangalia jagi. Akalitikisa, kana kwamba kuna uliojificha. Akaliinamisha ili mstari umsogelee. Sebuleni alimsikia dada yake akimuuliza Mtangazaji, "Bado tu? Mbona leo jagi linajidai?" na mtoto akijibu, "Subira, mpenzi msikilizaji."

Leo tu, alijiambia Fundi. Kesho nitakunywa maji mengi, utapanda wenyewe.

Yeyote aliyewahi kuchungulia karatasi ya jirani anaifahamu hiyo leo tu. Ina kesho yake. Na Fundi hakuwa na mazoea ya kufaulu: aliacha shule na ripoti iliyosema hajitahidi, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwandikia lolote zaidi ya vipimo vya makochi. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye nyota mlangoni. Alimimina chai kidogo. Akaongeza maji. Akamimina tena. Mstari ulifunikwa, na nje wakapiga makofi, na dada yake akaondoka akiimba.

Dawa alimeza. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Alimeza kila kidonge kwa saa yake, hata siku alipokuwa na kichefuchefu. Alidanganya jagi tu.

*

Karakana yake ilikuwa upande wa barabara, paa la mabati na pazia la turubai. Mwalimu alimkataza kuchana makochi ya zamani kwa sababu ya vumbi la sponji, na kushika misumari mdomoni, mtindo alioufanya maisha yake yote. Kwa hiyo alikaa kando, barakoa usoni, akimwelekeza kijana aliyemwajiri, na misumari alikuwa ameipanga kwenye kisosi kama mtu anayekula njugu.

Mteja mmoja alikuja kuangalia kochi lake la watu watatu. Alipoona barakoa alirudi hatua moja.

"Fundi, ni kifua?"

"Hapana, mama. Ni figo."

Mteja alifikiri. "Inaambukiza?"

"Hapana, mama. Hii nilipewa."

"Nani anampa mtu ugonjwa?"

"Nilipewa figo, mama. Ugonjwa nilikuwa nao wangu mwenyewe."

Mteja alilizunguka kochi lake kwa mbali, akabonyeza mto kwa kidole kimoja, akafuta kidole kwenye kanga. Akasema kazi ni nzuri ila imechelewa, na kwamba, bila ubaya, angependa kulichukua likiwa hivyo hivyo, amalizie kwa fundi mwingine. "Nina watoto wadogo, unanielewa."

"Nakuelewa, mama," alisema Fundi, akataka kusimama kumsaidia kijana kulibeba. Hakusimama. Alijisukuma kwa mikono, akarudi chini. Miguu yake, iliyokuwa kwenye ndala kwa sababu viatu vilikuwa vimekataa kuingia tangu juzi, ilikuwa imejaa kama mito aliyoijaza yeye mwenyewe. Kijana alimshika kwapa.

"Unanenepa, bosi."

"Si mlitaka ninenepe?" alisema Fundi, akiutazama mkokoteni ukiondoka na kochi la watu watatu. "Nilipokuwa mwembamba mlilalamika. Watu hamridhiki."

Jioni alimwambia mkewe viatu vilinyeshewa vikasinyaa. Mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha rundo zima. Aliinua kichwa, akamtazama usoni, akaona mashavu yamejaa, akafurahi.

*

Jumamosi iliyofuata Shangazi alikuja na kuku mzima aliyepewa jikoni hotelini, kwa furaha ya kwamba msimamizi amemsemesha vizuri. Alikuwa amejipamba hata masikio. Mtangazaji alichukua mwiko wake. Jagi lilitoka, likatua, mkojo ukatangazwa kuwa umepita, umepita kwa mbwembwe.

"Ngoja nimsalimie kwa karibu leo," alisema Shangazi. Akapiga magoti mbele ya stuli, uso karibu na jagi. "Mpangaji! Hujam... Hiki nini?"

"Wapi?" alisema Mwalimu.

"Hiki. Kinaelea."

"Ni mdudu!" alisema Mtangazaji.

Mwalimu aliinama. Alikitoa kile kitu kwa ncha ya chaki, akakiweka kwenye kiganja, akakisogeza kwenye mwanga wa taa. Kilikuwa cheusi, kimejikunja, kimeanza kujikunjua. Halafu akanusa jagi, bila aibu, kama anavyonusa midomo ya watoto wanaosema hawakula embe la mwenzao.

"Ni jani la chai," alisema.

Mtangazaji bado alikuwa na mwiko mdomoni, na sauti yake ikatoka kwa nguvu ya matangazo ingawa hakukusudia. "Baba, unakojoa chai?"

Ilikuwa ni ya kuchekesha, kweli. Fundi alicheka. Alicheka peke yake, akasikia anavyosikika, akaacha.

"Tangu lini?" aliuliza Mwalimu. Ilikuwa ile sauti yake ya darasani, ya chini, ambayo watoto huiogopa kuliko fimbo.

"Muda kidogo."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu alipoanza kuhesabu foronya."

Mwalimu alipiga goti mbele ya mume wake, akampandisha suruali, akabonyeza dole gumba juu ya mfupa wa mguu. Alipoliondoa, shimo lilibaki. Wote wanne walilitazama likibaki. Lilikuwa na umbo la dole gumba lake hasa, lenye chembe ya chaki katikati.

"Viatu vilinyeshewa," alisema Mwalimu. "Vikasinyaa."

Fundi aliishusha suruali yake.

"Kwa nini, kaka?" Shangazi alikuwa bado chini sakafuni. "Ungenipigia simu tu. Ungesema, dada, mambo si mazuri. Ningekuja nikakubeba mgongoni."

"Ulisema mbavu zinaacha kuuma."

"Nilisema lini?"

"Jikoni. Ulisema ukiona jagi limepita mstari."

Shangazi alinyanyuka akishika ubavu, akachukua mkoba wake, akaurudisha, akaenda dirishani. "Kwa hiyo ukanipikia chai," alisema akiwa amewapa mgongo. "Wiki zote hizi nilikuwa napigia makofi chai."

Mtangazaji alirudisha mwiko jikoni bila kuambiwa.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyelala kwenye kiti. Alitazama majibu ya damu, akamtazama Fundi, akayatazama tena majibu.

"Dawa umemeza?"

"Kila siku, daktari. Kwa saa."

"Nakuamini, damu inaonyesha. Wakati mwingine mwili unaikataa figo tu. Hakuna aliyekosea."

Mwalimu na Shangazi waliokuwa wamesimama ukutani walipumua kwa pamoja, kama mtu mmoja. Daktari aliendelea kuandika.

"Dalili ya kwanza ni mkojo kupungua. Hamkuwa mnapima?"

"Tulikuwa tunapima," alisema Mwalimu. "Kila jioni."

"Na haukupungua?"

Mwalimu hakumtazama daktari. Alimtazama mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu jagi lipigwe mstari hakumtazama kama mwalimu. Fundi alishika ukingo wa meza, akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Ulipungua," alisema. "Nilikuwa naongeza chai."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alikuwa amesikia mengi katika ofisi ile, ya waliouza dawa zao na waliozigawa kwa majirani, lakini hili lilikuwa jipya. Hakumkaripia. Labda ingekuwa afadhali.

"Ungekuja wiki ile ya kwanza," alisema polepole, "tungekuchoma sindano, na mara nyingi inarudi. Tutakuchoma sasa. Tutakuchoma zote. Lakini sitaki niwadanganye."

Walimlaza. Kwenye benchi la nje, mawifi wawili walikaa na mkoba mmoja katikati yao.

"Mtoto akinakili darasani kwangu," alisema Mwalimu, "simpigi. Namwita pembeni namuuliza, unaogopa nini? Wote wanaonakili wanaogopa kitu. Miaka yote hiyo nawauliza watoto wa watu." Alikuwa akisugua kidole chake, mahali pa rangi ya kucha ambayo haikuwapo. "Mimi ndiye niliyechora ule mstari, wifi. Muuguzi hakusema habari ya kufaulu."

"Na mimi nilikuwa napiga na miguu," alisema Shangazi.

Baada ya siku chache waliruhusiwa kumleta mtoto. Pembeni mwa kitanda kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye namba zake, mrija ukiingia juu, na hakuna namna ambayo chai ingeweza kupita hapo. Mtangazaji aliuzunguka mfuko, akaufikia, akachuchumaa. Hakuwa na mwiko.

"Kidogo, baba," alisema kwa sauti ya kawaida.

"Ndiyo, mama. Kidogo."

"Kesho utakuwa mwingi?"

Fundi aliinua mkono kumshika kichwa, mrija wa sindano ukamzuia, akamshika sikio, lililokuwa karibu. "Sijui," alisema. Lilikuwa jibu gumu kuliko yote aliyowahi kumpa mtoto yule, na mtoto alilipokea akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa jambo la kikubwa.

*

Sindano zilichomwa zote. Hazikurudisha kitu.

Figo haikutolewa, daktari alisema ikae tu mahali ilipo, kama haileti vurugu. Fundi alirudi kwenye mashine ya kusafisha damu aliyokuwa ameiaga kwa mkono akidhani hawataonana tena, na mashine haikumuuliza alikokuwa. Ilimfyonza na kumrudisha, akarudi nyumbani akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Kijana wa karakana alianza kushika misumari mdomoni. Jagi lilipelekwa huko, likawa la kuchanganyia gundi. Mwalimu alifuta nyota kwa kitambaa chenye maji, mara mbili, lakini mbao za mlango ule zilikuwa za zamani, na kila zilipokauka nyota zilirudi, hafifu. Akaacha.

Shangazi hakuja Jumamosi ya kwanza. Hakuja ya pili. Mwalimu alimpigia simu wakaongea habari za bei ya sabuni. Kisha siku moja, jua likiwa bado juu, alibisha hodi, akaingia na viatu mkononi kama alivyozoea, akamkuta kaka yake kwenye kochi lake, miguu juu ya stuli. Stuli ilikuwa ileile.

Mdomo wake ulifunguka kwa mazoea. Ulikuwa tayari umeshika ile herufi ya kwanza ya Mpangaji. Ukafunga. Alitazama mlango wa bafu, akatazama miguu, akatazama uso, ambao ulikuwa mweusi zaidi na umezeeka kwa namna ambayo hakuwa ameiona, kwa sababu Jumamosi zote zile alikuwa akitazama jagi.

"Kaka," alisema. "Wewe hujambo?"

Jibu la swali hilo hutoka lenyewe. Mtu anaweza kuwa chini ya ukuta uliomwangukia na akaitikia kwamba hajambo. Lilikuwa mdomoni mwa Fundi, limesimama, limevaa viatu. Alilimeza.

"Juzi nilitapika kwenye mashine," alisema. "Mbele za watu. Miguu inawaka kama imetiwa pilipili. Na mlango ukipigwa nashtuka, nafikiri ni wewe umekuja kudai."

Shangazi aliweka viatu vyake chini. "Sogea," alisema.

Kaka yake akasogea. Shangazi akaketi, upande wake wenye kovu ukielekea kwake, wakajaa kochi.

"Mbavu je?" aliuliza Fundi.

"Zinauma."

"Tangu lini?"

"Kila siku." Alichezea uzi uliotoka kwenye mto. "Hata zile siku za nyota, kaka. Zilikuwa zinauma. Niliongea tu pale jikoni. Mtu si anaongea tu?"

Fundi alitazama mbele. Aligeuza kichwa kumtazama, akarudi kutazama mbele. Dada yake aliendelea kuvuta uzi, na yeye, aliyekuwa akiwapigia kelele wateja kwa hilo, alimwacha auvute mpaka mshono ukaanza kufunguka.

Mwalimu alitoka jikoni na sinia la chai. Vikombe viwili vilikuwa vimejaa. Cha tatu kilikuwa nusu, ndicho kipimo alichoruhusiwa mume wake mpaka asubuhi. Fundi alikipokea kwa mikono miwili. Alichungulia ndani, akaona jani moja limeshikilia ukingoni, akalitoa kwa kidole, akalifuta kwenye goti la suruali yake. Kisha akanywa, kidogo kidogo, mpaka akamaliza.